Nyota Zilizobaki Kiwikoni

Mume wangu hajawahi kunipiga, halewi, halali nje. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu Shangazi lazima atayasema, na ni afadhali yatoke kinywani mwangu kwanza. Ni mtu mpole, sauti yake ya chini, na akikuomba jambo hukuomba kwa adabu. Miaka yote ya ndoa yetu aliniomba jambo moja tu: nisitikisike.

Anapiga picha za nyota. Mtaani walimbandika jina la Bwana Anga, naye akalipenda mno, akaliweka hata kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Mchana anafanya kazi ofisini. Kazi gani, hata mimi mkewe nikiulizwa hubabaika, kwa kuwa hajawahi kuizungumzia zaidi ya kusema kwamba taa za maegesho ya pale zinaharibu anga.

Kwa asiyejua, picha ya nyota haipigwi mara moja ikaisha. Ukipiga moja inakuja na chengachenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi. Kwa hiyo unapiga nyingi, kisha unaipa kompyuta kazi ya kuzipanga zote juu kwa juu, kila nyota ikae juu ya mwenzake, mpaka chenga zifutane na anga libaki safi. Tatizo ni kwamba nyota zinasogea. Kompyuta ikizifuata zenyewe, vilivyo ardhini ndivyo vinavyoburuzika, na nyumba inatoka kama imepakwa kwa kidole. Ndiyo maana picha ya chini hupigwa peke yake, jioni, mwanga ukiwa umebaki kidogo, kamera imetulia juu ya miguu yake mitatu na kila kilicho mbele yake kimetulia vilevile. Baadaye unakata anga la jioni unalitupa, unaweka lile safi mahali pake. Mtu akitazama anadhani ni usiku mmoja.

Mimi nilikuwa picha ya chini. Bwana Anga aliona ua mtupu haunogi, picha inataka mtu. Basi nikawa nasimama karibu na tangi la maji, gauni jeusi, mkono mmoja kiunoni, uso juu, naye ameinamisha kamera karibu na ardhi ili mabega yangu yaingie angani. Anahesabu polepole mpaka thelathini. Nikipepesa macho hakuna neno, ila nikihamisha mguu tunarudia.

Ningevumilia kama ingekuwa ni kusimama tu. Lakini kamba ya nguo ilikuwa ndani ya picha, kwa hiyo haikuhamishwa hata mlingoti mmoja ulipoanza kuoza. Ndoo ya bluu ilikuwa ndani ya picha. Nikiitumia kufulia, akirudi jioni anaichukua kimya kimya na kuirudisha penye alama yake, bila kuninunia hata kidogo. Taa ya uani haikuwashwa. Nilipopata kazi mji mwingine, kwenye duka la picha za pasipoti, alinishika mkono akasema, "Subiri kidogo, mama. Huu msimu wa anga safi upite." Msimu ukapita. Ukaja mwingine. Kazi ile akapewa mtu.

Na mimi ndiye niliyekuwa nakata. Kabla sijaolewa nilijifunza kazi hiyo studio, kwa hiyo yeye alishughulika na nyota zake na mimi nikawa na ukingo wa ardhi: paa, kamba, tangi, nywele zangu mwenyewe, unywele kwa unywele. Sehemu ya kutia wazimu ilikuwa mkono. Mkono ukiwa kiunoni, kati ya kiwiko na mbavu panabaki tundu la pembe tatu ambalo anga linaonekana ndani yake. Ukizunguka mwili kwa nje tu ukasahau lile tundu, unaacha kipande cha anga lingine. Mimi sikulisahau hata mara moja. Yeye hakujua kama lipo, kwa sababu hakuwahi kukata.

Niliondoka siku niliposogeza ile ndoo makusudi, nikaitazama ikirudishwa. Nilimwambia, "Naondoka, sirudi." Akasema, "Sawa, pumzika kidogo." Nikafunga begi, nikaenda mji ule ule wa lile duka, nikamganda mwenye duka mpaka akanipa kiti cha pili. Nikapanga chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Siku ya kwanza nilihamisha kitanda mara nne bila sababu. Nilikuwa na furaha mpaka naona aibu.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Nilimpigia Baba kumwambia nimeachana na mume wangu. Alinisikiliza, akakohoa, akaniuliza, "Mmegombana lini?"

"Hatujagombana, Baba. Nimeondoka. Wiki ya tatu hii."

"Mbona juzi nimekuona?"

"Umeniona wapi?"

"Kwenye simu. Umesimama hapo uani kwenu. Picha nzuri sana. Mama yako kaionyesha kanisani pale, kila mtu anauliza."

Nilifungua ukurasa wa Bwana Anga. Nilikuwa hapo kweli, mkono kiunoni, uso juu, na juu yangu anga ambalo sijawahi kusimama chini yake. Wiki iliyofuata nilikuwa hapo tena. Na iliyofuata. Watu walikuwa wanaandika chini yake, "Mungu awatunze," na, "Huyu ndiye mke." Alikuwa anawajibu mmoja mmoja kwa adabu, "Asanteni, anawasalimu."

Nikapiga tena nyumbani. Nikasema mimi nipo huku, nafanya kazi, nimepanga. Baba akasema simu haina mahali, hata aliye chumba cha pili anaweza kusema yupo ng'ambo. Mama akachukua simu akaniambia kwa sauti ya kunibembeleza kwamba kila ndoa ina siku zake, na kwamba kwenye picha ya mwisho nimenenepa. Sikujua nicheke au nilie. Nililia. Nilikuwa nimetoka mlangoni kwa miguu yangu na bado nilikuwa nimesimama kwenye ule ua, na aliyenisimamisha hakuhitaji hata ruhusa yangu.

Hata mwenye duka aliingiwa na wasiwasi. Mkewe alikuwa anafuatilia zile picha. "Dada," akaniambia akiwa anakata picha za mteja, "hebu niambie ukweli. Mimi nimemwajiri nani? Maana wewe uko kwako."

Alisema kwa utani, lakini baadaye nilimsikia akimwuliza mteja kama anamfahamu binti anayetaka kazi, mwenye maisha yaliyotulia. Hapo damu ikanichemka. Nikaichukua picha ya karibuni, nikaiweka kwenye kompyuta ya duka, nikaikuza. Nilitafuta ukingo, kama fundi yeyote angefanya. Nywele zilikuwa zangu, nilizikata mimi. Paa langu. Kamba yangu. Kisha nikafika kwenye kiwiko.

Ndani ya lile tundu kulikuwa na nyota tatu, mbili kubwa na moja ndogo juu yake. Nilizikumbuka vizuri. Zilikuwa za picha yetu ya kwanza kabisa. Bwana Anga alikuwa ameichukua ile picha iliyokwisha kamilika, akanikata na ua wangu wote kwa kuzunguka nje, akanipachika chini ya anga jipya, na hakujua kwamba panatakiwa kukatwa na ndani. Nikafungua picha ya wiki nyingine. Anga lilikuwa limegeuka kabisa, lakini kiwikoni zilikuwa zile zile tatu. Nyingine, zile zile. Nyingine tena. Nilipiga kelele ya furaha mpaka mteja aliyekuwa anasubiri picha ya pasipoti akacheka, ikabidi tumpige upya.

Kwa hiyo Baba aliponipigia kusema, "Njoo tuyamalize, mumeo naye anakuja," sikuogopa. Nilichapa viwiko vyangu vyote vikubwa vikubwa, nikavitia kwenye mkoba, nikapanda basi nikiwa nimekaa wima kama anayekwenda kupokea zawadi. Nilijua wakiona tu, wataamini kwamba nilitoka. Nilitaka hilo tu. Yaliyobaki ningeyamaliza mwenyewe.

Sebule ya wazazi wangu ina viti vingi kuliko nafasi. Baba alikaa penye kiti chake karibu na televisheni, Shangazi akajaza kochi, Mama akawa anaingia na kutoka na vikombe ili asikae. Bwana Anga alifika akiwa na gari la kaka yake na picha kubwa iliyotiwa fremu. Akawasalimu wote kwa heshima zao, akanigeukia, akasema, "Hujambo, mama," kama tulioachana asubuhi. Picha ikatundikwa hapo hapo ukutani, juu ya televisheni. Nilikuwa mimi, tena.

"Haya," akasema Baba. "Mwanangu, mumeo amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu cha kupigiwa polisi, Baba. Sitaki kuishi naye. Nimeondoka miezi sasa, kama nilivyowaambia, na nyie hamniamini kwa sababu ya hizi picha."

"Anakupiga?" Shangazi akauliza.

"Hapana."

"Analewa?"

"Hapana."

"Analala nje?"

"Analala uani, Shangazi, na kamera."

Shangazi alicheka mpaka kochi likalia. Nikaona nisipoteze nafasi. Nikatoa karatasi zangu, nikazipanga mezani katikati ya vikombe. Nikamwomba Baba avae miwani. Nikamwonyesha kiwiko cha wiki hii na kiwiko cha mwezi uliopita, nyota mbili na ndogo yake, halafu nikapanda juu ya kiti nikamwonyesha ile ya ukutani. Baba akasimama. Akaweka kidole kwenye kioo, akarudi mezani, akarudi ukutani.

"Ni zile zile," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na huku nje ni tofauti."

"Tofauti kabisa. Hii ni picha moja, Baba. Nilisimama jioni moja, miaka iliyopita. Kwingine kote amenipachika."

Akamgeukia mkwewe. "Ni kweli?"

Bwana Anga alikuwa amepigwa butwaa, anakitazama kile kiwiko kama mtu aliyeonyeshwa tundu kwenye shati lake mbele za watu. "Sikuliona," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Ni kweli, mzee. Aliondoka. Mimi... sikuweza kuupiga ule ua bila yeye."

Nikajua nimeshinda. Nikamtazama Shangazi, na nikaona macho yake yamejaa machozi.

"Yaani kila wiki," akasema, "kila wiki mwanamume huyu anakaa anakutengeneza?" Akajipiga kifua. "Jamani! Mimi marehemu wangu nilikwenda kwa dada yangu mwezi mzima, nikarudi akaniuliza chumvi iko wapi. Huyu mwenzio anakukumbuka mpaka anakupachika! Unataka upendwe namna gani tena?"

"Shangazi, amewadanganya watu wote kwamba nipo!"

"Amekutunzia nafasi," akasema Shangazi.

Nilimtazama Baba. Alikuwa amevua miwani na anaifuta, na usoni mwake niliona amefarijika. Jambo lilikuwa limemwelemea, sasa lilikuwa jepesi: kumbe ni mapenzi. Akasema mambo mengi ya busara ambayo siyakumbuki, kwa kuwa masikio yangu yalikuwa yanavuma. La mwisho nililisikia. Nirudi na mume wangu, leo hii, kabla giza halijaingia, na yeye aache kupachika watu. Bwana Anga akasema, "Nimekubali, mzee." Mimi hakuna aliyeniuliza kama nimekubali. Ushahidi wangu wote ulikuwa mezani, na Mama alikuwa anaukusanya ili apate pa kuweka vikombe.

Akaubeba na mkoba wangu, akaenda kuuweka kwenye gari. Hakunitazama alipopita.

Ningekataa hapo hapo, utasema. Jaribu wewe kukataa sebuleni kwa baba yako, mbele ya mtu mpole ambaye hajakukosea kitu, na shangazi yako analia kwa ajili ya mapenzi yako. Nilianza hata kuwaza yule mwenye duka atampa kiti changu nani. Nilianza kuona ile ndoo.

Tukatoka uani. Jua lilikuwa limekwisha zama, ule mwanga wa bluu umebaki, na nilimwona Bwana Anga akiuona. Uso wake ukachangamka.

"Mzee," akasema, "kabla hatujaondoka, niwapige picha ya familia. Hii ya chini naipiga sasa hivi, anga nitaweka nikifika nyumbani. Itakuwa ya kumaliza haya mambo."

Shangazi alikwisha kuanza kujitengeneza kilemba. Bwana Anga akakimbilia garini, akatoa stendi na kamera kwenye buti, akaliacha buti wazi na geti wazi, kwa kuwa akishika kamera hana hili wala lile. Akatupanga: Baba kushoto, Shangazi kulia, katikati mimi na Mama. Akanijia, akanishika mkono kwa upole, akauweka kiunoni.

"Safari hii nitakata na ndani," akaninong'oneza, akatabasamu. Nadhani aliamini ni ahadi nzuri.

Mama alinishika mkono ule mwingine. Kiganja chake kilikuwa na jasho.

"Sikilizeni," akasema Bwana Anga akiwa nyuma ya kamera. "Nitahesabu mpaka thelathini. Mtu asitikisike. Akitikisika mmoja, wote tumeharibu. Hata kupumua, pumueni kidogo. Tayari?"

Kamera ikalia. Akaanza kuhesabu.

Nilitazama mbele. Geti lilikuwa wazi upande wa pili, na buti la gari limeinuliwa, na mkoba wangu humo ndani. Niliwatazama kwa pembe ya jicho. Baba ametoa kidevu. Shangazi amebana pumzi mpaka mashavu yamevimba. Nilijua kitu ambacho wao hawakukijua, kwamba kwenye picha inayochukua muda mrefu namna ile anayetembea haonekani. Nikauvuta mkono wangu. Mama alikuwa na uwezo wa kuubana, vidole vyake vina nguvu, anakamua nguo mpaka zinalia. Aliuachia. Uso wake haukusogea hata kidogo.

Nikatembea. Sikukimbia, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vibovu. Nilipita mbele ya Baba, nikaona macho yake yakinifuata huku kichwa kimekaa pale pale. Shangazi akatoa sauti puani, kama sufuria linalotaka kuchemka, lakini hakufumbua mdomo. Nilipita karibu na kamera, karibu kiasi cha kuweza kuipiga teke. Bwana Anga alinitazama. Mkono wake ulinyanyuka nusu, nikajua anafikiri. Akinifuata, ardhi itatikisika, stendi itatikisika. Mkono ukashuka.

"Kumi na moja," akasema. "Kumi na mbili."

Nikatoa mkoba wangu kwenye buti. Niliposhika njia ya barabarani bado nilimsikia anahesabu, sauti ile ile ya chini, bila kukosea.

Nilirudi kwenye chumba changu na nikangoja. Nilikuwa na hofu, sikatai. Kila mtu akigonga kwa jirani, nilidhani ni Baba. Kazini nilimkata mtu sikio kwenye picha yake ya pasipoti. Siku ya tatu mwenye duka akaninyooshea simu yake, na safari hii hakutabasamu.

Bwana Anga alikuwa ameiweka. Anga lake lilikuwa zuri, siwezi kumnyima hilo. Chini yake Baba na kidevu chake, Shangazi na mashavu yake, Mama ameangalia mbele na mkono mmoja umetoka kidogo, kana kwamba ameshika kitu. Na katikati yao mimi, gauni jeusi, mkono kiunoni, uso juu. Amenirudisha. Watu mia na kitu walikwisha andika, "Mungu awatunze."

Nilikaa kwenye kiti changu cha pili na nikahisi ukuta umenisogelea. Nilifikiri, basi, huyu mtu atanisimamisha mpaka nizeeke, na nikifa atakuwa bado anawapa watu salamu zangu. Sikuwa hata na nguvu ya kuikuza ile picha. Simu yangu ilipolia na kuonyesha jina la Mama, niliitazama ikilia mpaka karibu ikatike.

"Baba yako anataka kusema na wewe," Mama akasema, na kabla sijajibu akampa.

Baba alikohoa. "Nimeiona," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilikuwa nimesimama pale. Kati yangu na mama yako hapakuwa na mtu." Nyuma yake nilimsikia Shangazi anauliza kitu, akaambiwa angoje. "Halafu nimevaa miwani, nimetazama pale kiwikoni. Zimo zile mbili na ile ndogo yake."

Nilibana simu sikioni.

"Ile ya ukutani nimeishusha," akasema. "Nimeiweka nyuma ya kabati, imegeukia ukuta. Shangazi yako amenuna." Akakohoa tena, safari hii muda mrefu. "Sasa niambie. Wewe uko wapi?"

Tangu niondoke hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikafuta uso kwa karatasi ya kuchapishia, nikamwambia Baba jina la mtaa, na duka liko upande gani wa barabara, na rangi ya mlango wake. Akaniambia nirudie polepole, anaandika.